Msomera: Nyumba za wageni, ardhi ya wenyeji

NYUMBA za vyumba vitatu zilizojengwa kwa safu katika Kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, zimezungumzwa sana tangu Juni 2022, lakini karibu mara zote zimezungumzwa kwa jina la watu waliozihamia.

Mjadala umekuwa juu ya Ngorongoro. Nani ameondoka, ameondoka kwa hiari au kwa kusukumwa, na je, hifadhi itanusurika kwa kuondoka kwake? Ni maswali mazito na yanastahili majibu. Hata hivyo, yamelifunika swali jingine ambalo halina uzito mdogo kuliko hayo.

Swali hilo ni la watu ambao hawakuhama kutoka popote. Ni wenyeji wa Msomera, wafugaji na wakulima, wanaolalamika kwamba nyumba za wageni zimesimamishwa katika malisho na mashamba yao bila wao kuulizwa.

Kiutawala Msomera iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Handeni, ambayo makao yake makuu yako Mkata, mji unaokua kando ya barabara kuu ya Chalinze hadi Segera. Hata hivyo uamuzi wa kujenga haukuzaliwa Mkata, wala haukuzaliwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Ulikuwa uamuzi wa kitaifa, uliotafuta mahali pa kutua.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mgogoro. Aliyeamua yuko juu, anayepokea nyumba ametoka mbali, na anayeishi mahali hapo ametakiwa kusogea kidogo.

Mpango ulivyokuwa

Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959 kama mahali ambapo wanyamapori na wafugaji wangeishi pamoja. Wakati huo wakazi wake walikadiriwa kuwa 8,000. Kwa takwimu za serikali, idadi hiyo ilikwisha kuvuka 100,000 kabla mpango wa kuwahamisha haujaanza.

Serikali ilieleza kuwa ongezeko hilo la watu na mifugo linaitishia hifadhi, ambayo tangu mwaka 1979 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ikatangaza kuwa wanaotaka kuondoka kwa hiari watajengewa nyumba kwingine, na makundi ya kwanza yakaanza kuwasili Msomera mwezi Juni 2022.

Kila kaya iliahidiwa nyumba yenye vyumba vitatu katika eneo la ekari mbili na nusu, pamoja na ekari tano za kulima. Huduma nazo ziliahidiwa: shule, zahanati, maji, umeme, majosho na mawasiliano.

Baada ya awamu ya kwanza ya takriban nyumba 500, ilitangazwa awamu nyingine ya nyumba 5,000 chini ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kati ya hizo, 2,500 zilipangiwa Msomera, 1,500 Saunyi katika Wilaya ya Kilindi, na 1,000 Kitwai katika Wilaya ya Simanjiro.

Hesabu rahisi inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Nyumba 2,500, kila moja ikiwa na ekari saba na nusu za makazi na kilimo, zinahitaji ekari 18,750. Hapo hazijahesabiwa barabara, shule, masoko wala malisho ya mifugo ya wageni.

Ardhi ya kiasi hicho haipatikani kwa kubanana. Lazima itoke mikononi mwa mtu, isipokuwa kama tangu mwanzo haikuwa ya mtu. Na hilo hasa ndilo linalobishaniwa.

Hoja za pande mbili

Serikali ina hoja zake, na si haki kuzipita. Imeeleza kuwa eneo hilo lilikuwa sehemu ya Pori Tengefu la Handeni, kwamba lilikuwa na nafasi ya kutosha, na kwamba upangaji wake mpya umezingatia wenyeji pamoja na wageni.

Aidha, imekumbusha kuwa huduma zilizofika Msomera hazikumfuata mgeni peke yake. Maji yanayochotwa na aliyetoka Ngorongoro yanachotwa na mwenyeji pia, na darasani watoto wao wanakaa dawati moja. Kwa kijiji kilichokuwa mbali na huduma nyingi, hayo si mambo ya kubeza.

Upande wa pili, shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwezi Julai 2024 iliyowagusa pia wenyeji wa Msomera. Ilieleza malalamiko yao kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba ardhi waliyokuwa wakiitumia iligawiwa wageni. Serikali imekuwa ikikanusha tuhuma za ukiukaji wa haki katika zoezi zima, ikisisitiza kuwa ni la hiari na linafuata sheria.

Yafaa kuangalia kile ambacho wenyeji hawalalamikii. Malalamiko yao hayaanzii kwa wageni kwamba ni watu wabaya. Wengi wa pande zote mbili ni wafugaji, na Wamasai wamo katika kila upande. Hayaanzii kwenye nyumba zenyewe pia, wala kwenye shule.

Yanaanzia kwenye mipaka. Mfugaji anayejua kuwa bonde fulani ni la ndama wakati wa kiangazi, na mkulima aliyepumzisha shamba lake misimu miwili, wote wanaambiwa jambo lile lile: hapa palikuwa wazi.

Ardhi gani ni tupu?

Neno hilo "wazi" ndilo lililobeba mzigo wote, na sheria za Tanzania zenyewe zimelisemea kwa ndimi mbili.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili kwa pamoja. Sheria ya Ardhi Namba 4 inaigawa ardhi ya umma katika makundi matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Katika kutafsiri ardhi ya jumla, sheria hiyo inaongeza kuwa inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, iliyopita mwaka huo huo, haina nyongeza hiyo. Kinyume chake, inapoeleza ardhi ya kijiji ni ipi, inataja ardhi ambayo wanakijiji wameitumia kwa kawaida katika miaka 12 kabla ya sheria hiyo. Humo inaingiza ardhi iliyopumzishwa, ardhi ya kulishia mifugo na njia za kupitishia mifugo.

Kwa maneno mengine, mbele ya sheria ya vijiji, nyasi zinazosubiri kiangazi si ardhi tupu. Ni ghala. Mbele ya sheria ya pili, ofisa aliyesimama hapo mwezi wa masika bila kuona ng'ombe anaweza kuandika kwamba hapatumiki.

Suala la pori tengefu nalo lina utata wake. Kwa miaka mingi mapori tengefu na vijiji vilikuwa vikipandana katika ramani, bila mwananchi kukatazwa kuishi wala kuchunga humo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ndiyo iliyotaka viwili hivyo vitenganishwe, na ikamtaka waziri ayapitie mapori hayo ili ardhi ya kijiji isiwemo ndani yake.

Kazi hiyo ilipochelewa, vijiji vingi nchini vilibaki na sura mbili. Siku ya uchaguzi ni kijiji chenye mwenyekiti na daftari la wakazi. Siku ya kugawa ardhi ni pori.

Kijiji kina sauti gani?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji haikumwacha mwanakijiji mikono mitupu. Rais anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji kwenda kundi jingine kwa maslahi ya umma, lakini hatua zake zimeandikwa.

Kusudio hilo linapaswa kutangazwa katika Gazeti la Serikali na kufikishwa kijijini. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, waziri ndiye mwenye uamuzi, baada ya kuyapima maoni ya wanakijiji. Na hakuna ardhi inayotakiwa kuhamishwa kabla aina, kiasi na muda wa kulipa fidia havijakubaliwa.

Ekari 18,750 ni zaidi ya hekta 7,500. Ni dhahiri basi kwamba mkutano wa kijiji usingekuwa na kura ya mwisho juu ya eneo la ukubwa huo. Hata hivyo haki ya kusikilizwa kwanza, na ya fidia kukubaliwa kabla ya msingi kuchimbwa, haipungui kwa sababu eneo ni kubwa. Kama ni kupungua au kuongezeka, ilipaswa kuongezeka.

Suala la fidia kwa ardhi isiyo na jengo wala mazao lilikwisha kuamuliwa na mahakama. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kuwa haki ya kumiliki ardhi kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Haiwezi kunyang'anywa bila fidia ya haki.

Mahakama hiyo ilikwenda mbali zaidi. Ilikataa hoja kwamba mtu hudai fidia kwa kile tu alichokijenga au kukipanda juu ya ardhi. Shauri hilo lilitokana na sheria ya mwaka 1992 iliyojaribu kufuta madai ya watu waliopoteza ardhi zao katika uhamisho wa vijiji vya ujamaa.

Handeni na kumbukumbu ndefu

Kwa Handeni, uhamisho huo si hadithi ya kusoma vitabuni. Wilaya hiyo, na Mkoa wa Tanga kwa jumla, ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kushuhudia vijiji vya ujamaa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ilipofika Novemba 1973, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na operesheni ya miaka iliyofuata ikawahamisha mamilioni ya watu nchi nzima.

Wakati ule pia nia ilitajwa kuwa njema: shule, zahanati na maji karibu na watu. Nyingi ya huduma hizo zilifika. Kilichosahauliwa ni kwamba kila kijiji kipya kilipangwa juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe, na migogoro ya nani alimpisha nani ikaendelea kufika mahakamani miaka 20 baadaye.

Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwaka 1991 na 1992, ililiona hilo. Ilipendekeza ardhi ya kijiji iwekwe mikononi mwa mkutano wa kijiji, isiwe tena mali inayosimamiwa kutoka juu. Pendekezo hilo halikukubaliwa, na Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ikaacha dhamana ya ardhi yote kwa Rais.

Kuna kinaya kingine. Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizofanyiwa majaribio ya MKURABITA, mpango ulioanza mwaka 2004 kwa lengo la kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge. Wanakijiji walielezwa kuwa shamba lililopimwa na kuandikwa ni mtaji, na hati ya kimila ni ngao.

Msomera imekuwa kipimo cha ahadi hiyo. Ngao ambayo haikukamilika kugawiwa haimkingi yeyote, na penye kijiji ambako wengi hawana hati, asiye na karatasi ndiye wa kwanza kuambiwa asogee.

Si jambo la vijijini peke yake

Msomaji wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaweza kudhani hayo ni ya porini. Si hivyo. Katika miji yote ya Afrika Mashariki nyumba mpya zinaingizwa katikati ya watu waliokwishakaa, na hoja inayotumika ni ile ile, kwamba kuna nafasi haijatumika vizuri.

Kigamboni ni ushahidi. Mradi wa mji mpya ulipotangazwa mwaka 2008, wakazi walizuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri tathmini na fidia. Miaka ilipita, nyumba zikabaki bila kukarabatiwa, mikutano ikageuka kuwa ya malumbano. Takriban muongo mmoja baadaye wakala uliosimamia mradi ukavunjwa, na mji wa michoro ukabaki katika michoro.

Jijini Nairobi, wakazi wa Kilimani na Kileleshwa wamekuwa wakipinga maghorofa marefu yanayopanda mahali palipokuwa na nyumba moja na bustani. Hoja zao ni maji, majitaka, msongamano wa magari na kivuli. Vyama vya wakazi hao vina mawakili, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imewapa hoja ya ushirikishwaji wa umma ambayo mahakama huisikiliza.

Hapa panahitaji ukweli. Si kila upinzani dhidi ya nyumba mpya ni wa haki. Katika mitaa ya wenye uwezo, kilio cha kulinda hadhi ya mtaa mara nyingine ni ukuta wa kumzuia mwenye kipato kidogo asije kuwa jirani. Miji inakua, watu wanahitaji paa, na aliyetangulia hana haki ya kufunga mlango nyuma yake.

Tofauti ya kuzingatia ni nani anayebeba gharama. Mkazi wa Kileleshwa akishindwa, anapoteza utulivu na mandhari, lakini kiwanja chake kinapanda bei. Mfugaji wa Msomera akishindwa, anapoteza malisho, na asiye na malisho hana mifugo ya kuuza ng'ombe mmoja akalipie wakili.

Ndiyo maana sauti ya Nairobi inafika magazetini na ya Msomera inaishia chini ya mti wa mkutano.

Mgeni naye ana shaka

Kosa jingine ni kudhani kwamba mwenyeji akipoteza, mgeni amepata. Nyumba iliyojengwa juu ya mpaka unaobishaniwa ni mali yenye kesi ndani yake.

Familia iliyoacha nyanda za juu zenye baridi na kuja kwenye joto la Handeni inahitaji jirani wa kuielekeza wapi maji hukauka kwanza, ugonjwa gani huwapata ng'ombe na njia gani inafaa wakati wa mvua. Elimu hiyo haitolewi na serikali. Inatolewa na mwenyeji, ikiwa mwenyeji hana kinyongo.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina sharti ndani yake, kwamba ujio wa mgeni umwachie mwenyeji nafuu. Pale mgeni anapoletwa na mtu wa tatu, na mwenyeji akapunguziwa malisho ili mgeni apate, methali inapinduka, na wote wawili wanabaki wakitazamana kama mahasimu ilhali aliyewakutanisha yuko mbali.

Serikali yenyewe imeonyesha kutambua kuwa mambo hayajatulia. Desemba 1, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa jamii ya Wamasai mkoani Arusha na kutangaza kuunda tume mbili, moja ya kuangalia migogoro ya ardhi Ngorongoro na nyingine ya kutathmini utekelezaji wa zoezi la kuhama kwa hiari. Tume hizo zilizinduliwa Februari 2025.

Tume ya pili ndiyo inayomgusa mwenyeji wa Msomera. Tathmini ya zoezi la kuhama isiyohesabu waliopokea wahamaji itakuwa nusu ya tathmini, sawa na kupima mzani kwa kutazama sahani moja.

Kinachowezekana

Nyumba zilizokwisha kujengwa hazitabomolewa, na hakuna mwenye busara anayetaka watu warudishwe barabarani. Yapo mambo manne yanayowezekana bila kuvunja tofali hata moja.

La kwanza ni kuweka hadharani ramani ya kijiji ilivyokuwa kabla ya Juni 2022 na ilivyo sasa, ibandikwe katika ofisi ya kijiji na katika ofisi za halmashauri huko Mkata. Mgogoro wa mipaka hautulizwi kwa hotuba. Unatulizwa kwa mstari ambao kila mmoja anaweza kuusogelea na kuugusa kwa kidole.

La pili ni daftari la madai ya wenyeji, yakiwemo ya malisho na mashamba yaliyopumzishwa, likaguliwe kwa kipimo cha shauri la mwaka 1994 badala ya kipimo cha nani alikuwa na jengo. La tatu ni kutoa hati kwa mwenyeji na mgeni kwa pamoja, kwa kuwa hati ya mmoja bila ya mwenzake ni silaha.

La nne linahusu vijiji ambavyo zamu yao bado. Mkutano mkuu uitishwe kabla ya wapima ardhi kufika, kumbukumbu zake zitunzwe, na Bunge lifute yale maneno machache ya Sheria ya Ardhi yanayoigeuza ardhi ya kijiji "isiyotumika" kuwa ya jumla. Maneno hayo yamekaa katika vitabu vya sheria tangu 1999, na kila mradi mkubwa unapotafuta ardhi huyakuta yakiwa tayari kwa kazi.

Mkata wenyewe una sababu ya kufuatilia. Mji ulio kando ya barabara kuu, wenye ofisi za halmashauri na barabara ya lami iendayo Handeni na Korogwe, hautabaki mdogo. Vijiji vinavyouzunguka vitaombwa viwanja, na mashamba yake siku moja yataitwa maeneo ya wazi. Namna madai ya Msomera yatakavyomalizwa ndiyo itakayowaeleza wenye mashamba hayo kama wataulizwa, au watajulishwa.